Kuvu ya ukutani, nimeimaliza bila klorini

Jamani hii kuvu imenitesa miaka. Nyumba yetu ni ya matumbawe, hapa Mkomani, Lamu, na kila masika ukuta wa chumba cha mamangu unatoa madoa meusi kama masizi, buibui zake kabatini zanuka uvundo, nami napiga klorini mpaka mama anakohoa, wiki mbili kuvu isharudi palepale.

Fundi mmoja mzee ndo aliniambia shida ni rangi ya plastiki tuliyopaka, inafungia unyevu ndani ya ukuta. Tukaikwangua, ikawa yabanduka kama maganda ya kitunguu na chini yake kumelowa chepechepe! Tukaacha pakauke, tukapaka chokaa mikono mitatu, myembamba. Chokaa inapitisha mvuke na ukali wake kuvu haiuwezi, ila vaeni glavu na mlinde macho, inaunguza.

Kabati nimelifuta na siki nyeupe, nikaliacha wazi likauke, nikalisogeza shibiri moja kutoka ukutani hewa ipite. Siki msipake ukutani kabisa, inakula chokaa.

Masika haya ukuta mweupe, na mama hakohoi tena alhamdulillahi.