Jinsi kikundi cha malezi cha mtaa kilivyonisaidia kumrekebisha mwanangu bila fimbo

Mwanangu wa pili alikuwa na umri wa miaka 7 siku alipochukua mkasi wangu wa kazi akakata kitenge cha mteja, kipande cha upana wa kiganja, katikati kabisa ya kitambaa nilichokuwa nimekipima asubuhi ile kwa ajili ya gauni la harusi. Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu naifanyia barazani, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita hapa Morogoro. Nilimchapa mpaka jirani akatoka chumbani kuja kumtoa mikononi mwangu, na jioni yake nikalipa kitenge cha watu kwa fedha niliyokuwa nimeiweka ya kodi. Baada ya siku tatu aliuchukua mkasi ule ule tena.

Mkasi wa mara ya pili ndio ulionitisha. Mwalimu wake wa darasa alikwisha kuniita shuleni mara tatu katika muhula mmoja, kwamba anapiga wenzake, anachukua penseli zisizo zake, na akiambiwa akae anasimama. Nyumbani agizo moja nililitamka mara tano kwa maneno, mara ya sita kwa kelele, na ya saba kwa mkono, na yeye alikuwa amekwisha kujua kwamba mara tano za kwanza hazina maana yoyote. Nilijiona mama niliyeshindwa, na nilikuwa nikiogopa kumwaza akiwa na miaka 15.

Mwenyekiti wa mtaa alipotangaza kwamba kutakuwa na kikundi cha malezi kwa wazazi na walezi wenye watoto wa miaka 2 hadi 9, vikao 12, kimoja kila wiki, bila malipo, nilijiandikisha nikidhani tutafundishwa namna ya kuwaweka watoto sawa. Tulikuwa 22, na baba alikuwa mmoja tu. Katika kikao cha kwanza mwezeshaji alichora nyumba kwenye karatasi kubwa ya ukutani, akasema kuta ni mahusiano ya mzazi na mtoto, yaani kukaa pamoja, kusifiana na kusikilizana, na paa ni nidhamu. Kisha akauliza ni nani kati yetu amewahi kuezeka nyumba isiyo na kuta. Nilikuwa nimekuja kutafuta paa, na ilinibidi nisubiri hadi kikao cha sita ndipo tukalifikia.

Kazi yetu ya nyumbani ya wiki ya kwanza ilikuwa kumpa mtoto dakika 15 kila siku, mimi na yeye peke yetu, akichagua mwenyewe la kufanya, nami nisimwamrishe wala kumkosoa. Mwanangu alichagua kopo langu la vifungo. Alivimwaga mkekani akaanza kuvipanga, vyekundu upande mmoja na vya matundu manne upande mwingine, nami, kama tulivyofundishwa, nikawa nasema tu kile ninachokiona: umeweka vyekundu pamoja, sasa unatafuta vikubwa. Kwa muda alininyamazia, akaniangalia kama anayesubiri niseme neno baya. Siku ya nne aliniuliza, “Mama, hiki kilikuwa cha nguo ya nani?” Hapo nilitambua kwamba kwa miezi mingi sikuwa nimezungumza naye jambo lolote lisilo onyo, na nililia usiku ule. Nikakumbuka pia kwamba mkasi aliushika siku ambazo nilikuwa nimeinamia cherehani tangu alfajiri. Alikuwa amegundua kitu pekee kinachoweza kuninyanyua kitini.

Sifa nazo zina namna yake. Nilizoea kusema “mtoto mzuri” bila yeye kujua uzuri huo umetokana na nini. Tulifundishwa kutaja tendo lenyewe, kwa mfano “asante kwa kuweka viatu mlangoni”. Agizo nalo liwe moja, fupi, litolewe karibu na mtoto na kwa jina lake, tena liseme afanye nini badala ya kusema tu aache nini. “Weka mkasi mezani” lilifanya kazi mahali ambapo “wewe, acha!” halikuwahi kufanya, na jambo hili dogo lilinishangaza kuliko yote.

Sehemu ngumu ilikuwa kilio. Mwanangu kila alipotaka shilingi 200 za ubuyu alijitupa chini uani na kupiga kelele, nami, nikiona aibu mbele ya wateja, nilimpa. Kikundini tuliigiza jambo hilo, mama mmoja akawa mtoto, na mwisho wake mwezeshaji akauliza ni nani hapo amemfundisha mwenzake. Mtoto amejifunza kwamba kelele hulipa, na mama amejifunza kwamba kutoa fedha huleta utulivu, kwa hiyo kesho wote wawili watarudia. Baadaye nilisoma kwamba mwanasaikolojia Gerald Patterson, aliyezitazama familia majumbani kwao huko Oregon, Marekani, alionyesha kwamba mzunguko wa aina hii, ukiachwa kwa miaka, ni mojawapo ya njia zinazompeleka mtoto kwenye ugomvi na ukorofi wa ukubwani.

Tuliambiwa kwamba kilio kisicho na hatari kipuuzwe, na tukaonywa kwamba kitaongezeka kabla ya kupungua. Kweli kiliongezeka. Jioni ya kwanza alilia tangu saa moja hadi karibu saa mbili, nami nilikaa nikishona mstari ule ule bila kuuona. Ilipobaki kidogo anyamaze, jirani wa chumba cha nne, kwa huruma yake tu, alimletea andazi. Alinyamaza papo hapo. Kesho yake alilia kwa muda mrefu zaidi, akiwa ameuelekea mlango wa chumba cha nne.

Jambo hili nililieleza kikundini kwa uchungu, na ndipo nilipoelewa kwa nini mipango ya malezi inayowafikia wazazi wengi wa mtaa mmoja kwa pamoja inaweza kuwa na nguvu kuliko ushauri anaopewa mama mmoja ofisini. Katika nyumba za kupanga mtoto hulelewa na ua mzima, apende mama yake asipende. Mwezeshaji alikuja Jumamosi iliyofuata, tukakaa wapangaji wote karibu na bomba la maji, tukakubaliana mambo matatu: hakuna wa kumpa mtoto kitu wakati analia ili anyamaze, kila mtu amwambie mtoto yeyote jema analomwona akilifanya, na mzazi akipandwa na hasira amwite mwenzake amshikie mtoto kabla hajainua mkono.

Bibi mwenye nyumba ndiye aliyepinga. Alisema, “Mwanangu, mchelea mwana kulia hulia yeye.” Nilimjibu kwa heshima kwamba hayo ndiyo tunayofundishwa, kwa maana methali hiyo haikutaja fimbo popote, na kwamba mimi niliyekuwa nikitoa shilingi 200 ili nisisikie kilio ndiye niliyekuwa namchelea mwanangu. Alinyamaza, akasema atatazama. Hadi leo naamini wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya watafiti, ila sisi tumeisoma methali ile kwa jicho la bakora.

Wiki ya saba nilimpiga kofi. Alikuwa amempiga mdogo wake kwa ufagio, nami nilikuwa nimelala njaa na deni. Niliona haya kurudi kikundini, lakini nilirudi nikasema. Hakuna aliyenicheka wala kunihukumu. Wenzangu wanne walisema na wao walifanya hivyo wiki ile ile, kisha tukafanya mazoezi ya kupumua taratibu na kuondoka mahali pa ugomvi kwa dakika chache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya Watanzania, wasichana kwa wavulana, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Tuliokaa kwenye viti vile tulikuwa hao hao, tukijaribu kuacha tulichofanyiwa.

Lipo pia lililonisikitisha. Waandaaji walipanga vikao Jumatano saa nne asubuhi, muda ambao hakuna dereva wa bodaboda anayeweza kuacha kazi, kisha wakalalamika kwamba akina baba hawajali. Mume wangu ni dereva wa bodaboda. Tuliomba mara mbili bila kujibiwa, hatimaye mwezeshaji mwenyewe alikubali kurudia kila kikao Jumapili alasiri pale kijiweni kwao. Walianza watatu wakaishia tisa. Tangu hapo mume wangu ndiye anayekaa na vifungo siku nikiwa na kazi nyingi, na mtoto hana tena njia ya kupata kwa baba alichonyimwa na mama.

Mpango wetu ulifuata misingi inayofanana na ile ya Parenting for Lifelong Health, mipango iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF pamoja na vyuo vikuu vikiwemo Oxford na Cape Town, ikajaribiwa kwanza Afrika Kusini, na ambayo vitabu vyake vya mafunzo hutolewa bure. Hapa nchini Mpango Kazi wa Taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22, uliyaweka malezi kuwa moja ya maeneo yake manane. Kwa hiyo mzazi anayesoma haya anaweza kwenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata yake na kuulizia vikundi vya malezi kama haki, wala asijione anaomba hisani.

Mwanangu sasa ana miaka 9. Bado ni mbishi, na bado hupigana mara moja moja. Lakini muhula uliopita sikuitwa shuleni hata mara moja, na mkasi akiutaka huja kuuomba. Nilipewa mafunzo ya uwezeshaji, na kikundi changu cha pili kinaanza Jumapili ijayo, mchana, barazani kwangu, ili akina baba wapate nafasi. Waliojiandikisha ni 19. Jirani wa chumba cha nne ni mmoja wao, na bibi mwenye nyumba ametuazima mikeka miwili.