Mradi wa matope ya Naivasha: hatimaye kuna cha kuonyesha

Haya wadau, bomba la PVC nililolizamisha kwenye tope la ukingoni mwa Ziwa Naivasha nimelipasua katikati kwa msumeno na tofauti inaonekana hata kabla ya kugusa maikroskopu. Juu tope jeusi laini, afu ghafla udongo wa kahawia wenye mizizi ya nyasi na vipande vya mkaa, yaani hapo ndo shamba lenyewe lilipo, lile lililomezwa ziwa lilipofurika mpaka watu wakahama 2020. Nilichimba pale maji yaliporudi nyuma, tena jua likiwa limeshapanda, maana viboko wa huku hawana mzaha.

Tope kidogo nikalitia haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya vidonda ya duka la dawa, nikaliweka juu ya maji ya moto likachemka povu mpaka uozo wote ukaisha. Kinachobaki ni dayatomu, mwani wadogo wa seli moja wenye ganda la silika (madini ya kioo), na silika peroksaidi haiiwezi. Kwenye tope la juu wamejaa tele, wengine wa mviringo, wengine kama mitumbwi yenye mistari myembamba ubavuni. Nikahamia udongo wa chini: dayatomu karibu hakuna, badala yake vijiwe vidogo vya silika vinavyotengenezwa na nyasi. Slaidi mbili tu, nchi kavu na ziwa!

Wataalamu hufanya hivyo hivyo ila wao wanaenda chini sana. Mtafiti Dirk Verschuren na wenzake walitoa matope kwenye shimo la Crescent Island, ndo penye kina kirefu hapa Naivasha, na 2000 wakachapisha historia ya mvua ya miaka 1,100. Ziwa likipungua chumvi inazidi, dayatomu na mabuu ya visubi wa maji baridi wanawaachia nafasi wale wa maji ya chumvi, kwa hiyo ukiwahesabu tabaka kwa tabaka unajua maji yalipanda au yalishuka. Wakakuta ukame mrefu kati ya 1000 na 1270 hivi, afu kipindi cha mvua kilichokatizwa mara tatu, 1380–1420, 1560–1620 na 1760–1840, na kila mara ukame ulishinda wowote uliorekodiwa karne ya 20. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba vipindi hivyo vinaendana na masimulizi ya wazee kuhusu njaa na watu kuhama, kwa hiyo anayeziita hadithi tu aje tuongee.

Tope la ukingoni halitafika huko, mawimbi na viboko wanalivuruga kila siku. Ukitaka tabaka safi nenda Challa pale mpakani Taveta, ziwa la kreta (shimo la volkano) lenye kina cha mita 90 hivi, chini kumetulia kabisa: msimu mkavu wa upepo unaacha utepe mweupe wa dayatomu, mvua inaacha mweusi, unahesabu mwaka kwa mwaka.

Mimi sasa nakata vipande vya sentimita moja moja kuanzia pale mizizi inapoishia, nihesabu nione dayatomu walivyoanza kuingia. Ule mkaa nao nitauchekecha peke yake, nataka kujua kama ni wa majani au wa kuni.