Shuka Lanuka Sanda

"Mwanangu, shuka hili lanuka sanda."

Leo siku ya nne, na maneno hayo hayajaniondoka. Shangazi alilala kwetu usiku mmoja tu, ule wa kuamkia arusi (arusi imepita salama, bibi arusi yuko Mombasa kwa mumewe). Asubuhi nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, pindo la shuka liko puani. Hakusema kwa kuudhi. Alisema kwa sauti ile ya kumwambia mtu kuwa kifungo cha mgongoni kimemfunguka. Nikamjibu: "Ni naftalini, shangazi. Ni ya nondo."

"Nondo? Umewaona?"

Kisha akajitanda leso yake akaenda kuswali dhuha.

Wanaomjua shangazi wanajua kwamba mwanamke akifariki mtaani kwetu, yeye ndiye huitwa kuosha na kukafini. Maji ya josho la mwisho hutiwa kafuri, na harufu ya kafuri na ya naftalini ni ndugu wa baba mmoja. Yeye akisema sanda, hapigi mfano. Alilala usiku kucha ndani ya harufu ya kazi yake, nyumbani kwa mtoto wa nduguye, na aliyemtandikia ni mimi. Hilo lilinichoma. Swali lake likanichoma zaidi, kwa sababu kutunza shuka ndiyo kazi inayonilisha, mwaka wa tisa huu kule kijiji cha Shela, hapa hapa kisiwani Lamu, na nyumbani nilikuwa naweka dawa ya mdudu nisiyepata kumwona.

Wala nisingemwona. Anayekula nguo si nondo arukaye, ni funza wake, na chakula cha funza huyo ni kitu kilichotoka kwa mnyama: sufu, hariri, manyoya, nywele. Pamba ni mmea, haimshibishi. Ataitoboa tu ikiwa imewekwa na jasho, mafuta au mchuzi. Shuka la pamba lililofuliwa halina haja na naftalini hata chembe. Na hata kwa blanketi la sufu, vidonge vile vyataka sanduku linalofunga kisawasawa, kwa sababu hugeuka hewa moja kwa moja bila kupitia maji, na hewa hiyo lazima ijae mpaka imlemee mdudu. Kwenye kabati ambalo milango yake haikutani, hewa hutoka ikaja chumbani, tukaivuta sisi.

Hapa sitaki kupita haraka. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huo umeenea zaidi katika sehemu ambazo malaria imekaa karne nyingi, pwani yetu ikiwemo, na madhara yake huwapata zaidi wavulana. Mtoto wa namna hiyo akifunikwa nguo iliyotoka kwenye naftalini, chembe nyekundu za damu yake zaweza kuvunjika, akageuka manjano, ikawa ni kukimbilia hospitali. Nguo za mtoto mchanga zinazowekewa mdogo wake ndizo zenye hatari hasa, maana hukaa na vidonge miaka. Kama mmeshaziweka, zianikeni nje siku kadhaa, mzifue, mzianike tena mpaka harufu iishe kabisa, ndipo avishwe mtoto. Na vidonge vyenyewe vyafanana mno na peremende. Vya kwangu vimeshatoka nyumbani.

Basi nondo hayuko. Kilichokuwa kikinuka hata nikatafuta cha kukifunika ni uvundo wa unyevu, na unyevu wa Amu, yaani Lamu, una mahali unapotoka. Kuta zetu ni matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, na jiwe la baharini huja na chumvi yake. Chumvi huvuta maji kutoka hewani. Masika yakikolea, mwezi wa nne na wa tano, ukiweka kiganja ukutani wasikia ubaridi. Ukuta uliopakwa chokaa hupumua, huyatoa maji uliyoyanywa. Ukipigwa saruji au rangi ya mafuta huyafungia, nayo yakatafuta pa kutokea. Kabati langu la plaiwudi lilikuwa limegandana na ukuta wa namna hiyo. Mgongoni lilikuwa na ukungu wa kijivu toka chini hadi rafu ya pili, na rafu ya pili ndiyo ya shuka za wageni. Hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 70 kwa siku nyingi, ukungu huota bila kuomba ruhusa. Wazee waliliinua kasha la nguo juu ya miguu yake, na sababu ni hiyo hiyo.

Kulitengeneza kabati ni kazi ya siku mbili za jua, isianzwe siku ya mawingu. Kila kitu hutoka, hata kilicho safi. Ukungu mkavu wapigwa brashi nje, pua imefunikwa, kwa sababu ukiupigia ndani waupanda chumba kizima. Kisha mbao zapakwa siki nyeupe isiyochanganywa maji, zaachwa saa moja, zafutwa, na milango yabaki wazi mpaka kesho yake. Siki isikutane na Jik wala dawa yoyote ya klorini, si kwenye ndoo moja wala kitambaa kimoja. Hutoa gesi inayounguza mapafu.

Kabati likirudi, lisirudi pale pale. Sasa liko sentimita 7 kutoka ukutani, upana wa vidole vinne, na kila mguu umekalia kipande cha mbao ngumu cha sentimita 10. Chini ya kila kipande nimeweka bati lililokatwa kubwa kuliko mguu, kingo zimekunjwa kuelekea chini, ili mchwa akipanda lazima ajenge njia yake nje, aonekane. Mgongoni fundi ametoboa matundu sita chini na sita juu, ya sentimita 2, yakafunikwa kwa wavu wa dirishani wasipite mende. Rafu nzima za plaiwudi zimetoka, zimeingia fito za mbao zilizoachana kwa nafasi ya kidole. Juu ya fito ni amerikani, kile kitambaa cha pamba, iliyofuliwa mara mbili kuondoa wanga wa dukani. Si gazeti, kwa sababu wino hutoka ukishika unyevu. Si nailoni, kwa sababu nailoni hulifanya shuka litoe jasho kwa chini.

Wanga nautaja makusudi. Wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wenye mikia mitatu, wanaokimbia ukifungua kitabu cha zamani, hupenda wanga, na mende vile vile. Vitundu vidogo visivyo na mpangilio kwenye shuka la pamba hutokana na hao, na sisi twamsingizia nondo. Shuka la kuwekwa lisitiwe wanga. Litiwe siku ya kutandikwa.

Na kufua kwenyewe. Maji ya kisima yenye chokaa na chumvi huigeuza sabuni utando, utando ukabaki kwenye nyuzi, shuka likawa gumu na la kijivu, na harufu yapata pa kushika. Suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua yakiwepo. Yasipokuwepo, nusu kikombe cha siki kwenye ndoo ya lita 20. Kusi likivuma, sianiki upande wa dari unaotazama bahari, kwa sababu rasharasha huleta chumvi, na shuka lenye chumvi halikauki. Hukauka mchana likarudi maji usiku.

Kosa kubwa kuliko yote ni la dakika chache. Shuka hutolewa juani saa nane, lingali moto, likakunjwa, likafungiwa. Usiku linapopoa, unyevu uliobaki hauna pa kwenda. Shuka lipumzike kivulini penye upepo nusu saa, kisha lipimwe kwa pindo, si kwa katikati, maana katikati hukauka mbele ya pindo. Lete pindo shavuni. Likiwa baridi, bado. Hata la kutoka kwenye pasi huachwa nusu saa juu ya kiti, kwa kuwa ule mvuke huingia ndani ya nyuzi.

Hesabu ni seti tatu kwa kila kitanda: moja imetandikwa, moja iko kwa kufuliwa, moja imepumzika. Masika huongeza ya nne. Zaidi ya hapo ni kujaza kabati, na kabati lililojaa halina hewa. Napanga shuka nane kwa rundo, si zaidi, kidole kimoja kati ya rundo na rundo, kiganja kizima juu yake. Zilizofuliwa huingia chini, za kutandikwa hutoka juu, ili zote zichoke sawasawa. Kila baada ya miezi mitatu nabadilisha mikunjo, kwa sababu mkunjo ukikaa pale pale huwa manjano, kisha nyuzi hukatika.

Vipimo ndivyo huvuruga kabati lililopangwa vizuri, kwa kuwa shuka la futi nne kwa sita likikunjwa halitofautiani na la tano kwa sita. Nimeshona alama pembeni: mshono mmoja mwekundu kwa nne, miwili kwa tano, mitatu kwa sita, na pembe hiyo hutazama mlangoni. Shuka mbili na foronya moja huingia ndani ya foronya ya pili, usiku mtu anyakue furushi moja tu. Mkinunua, pimeni kwa futi yenu. Godoro la tano kwa sita lenye unene wa inchi 8 lataka inchi 60 za juu, 8 za kila ubavu na 8 za kuchomekea kila upande, jumla 92. Yauzwayo kwa jina la "tano kwa sita" yakiwa na 80 huchomoka kabla ya alfajiri.

Doa la kutu kutoka kwenye msumari huondoka kwa ndimu na chumvi juani, likasuuzwa. Klorini hulikaza.

Nilipofika rafu ya leso ndipo moyo ulipoanza kupoa. Leso hazikai na shuka nyeupe, kwani rangi huhama ikipata unyevu. Nazilaza jozi kifudifudi, theluthi ya kushoto na ya kulia zakunjwa ndani, kisha sehemu ya juu yaletwa chini mara mbili, nikigeuza jina liko mbele. Jina refu hupoteza maneno ya pembeni, lakini yaliyobaki yatosha kulitambua. Rafu nzima yasomeka bila kufumua hata moja. Yako majina ya leso alizonipa shangazi mwenyewe, nikayasoma yote nikiwa nimesimama pale, na lile "umewaona?" nikalisikia upya. Hakuwa akinisuta. Aliuliza kama anavyouliza fundi kabla hajashika chombo. Ningelijibu swali siku ile ile, kabati lingefunguliwa siku ile ile.

Harufu sasa ni udi. Nguo ziwe kavu kabisa kwanza. Makaa yawe yameshavaa jivu, bila mwali, kipande cha udi ukubwa wa ukucha, nguo juu ya tundu la fito lililofunika chetezo dakika 5 hadi 10, kisha zipoe nje kabla ya kuwekwa. Udi uliolowekwa mafuta usifukizwe karibu. Huacha vidoa vya manjano. Chetezo hakiingii kabatini hata kwa sekunde. Asmini mbichi nazo zisiingizwe kwenye mikunjo, zina maji na huacha alama ya kahawia. Zikaushwe kivulini, zitiwe kwenye kifuko cha amerikani pamoja na karafuu kijiko kimoja. Chini kabisa kuna kopo la mkaa lenye matundu, huota jua kila wiki mbili. Chokaa sikuweka: iliyozimwa haivuti maji, na iliyo hai ikivuta huchemka.

Shangazi atapita tena Ijumaa akienda Matondoni. Nimeshamtengea furushi lenye mishono miwili.