Cheti cha kifo cha kaka na mkopo wa binti yake

Huku Matamba, wilayani Makete, ukitaja mkopo wa chuo utaimbiwa wimbo ule ule: bila kumjua mtu Dar es Salaam, unapoteza nauli bure. Aliyeniimbia kwa sauti kubwa kuliko wote ni fundi mmoja ambaye hiyo fomu yenyewe hajawahi kuiona. Mwingine, tena msomi, akanishauri tuandike baba wa mtoto hajulikani, eti itarahisisha mambo. Hajulikani vipi? Ni kaka yangu, tumbo moja! Na ukidanganya kwenye fomu ile, umejitia kitanzi mwenyewe.

Binti wa marehemu kaka alikuwa amemaliza kidato cha sita, anataka uhandisi. Nilimkataza kuomba vyuo vya Dar peke yake. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kipo hapo Mbeya. Ukishashuka kona 57 za barabara yetu ya mlimani mpaka Chimala, basi lolote linakufikisha. Hilo halikuwa na kazi. Kazi ilikuwa karatasi.

Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humwangalia yatima kwa jicho lake, lakini uyatima unautolea vyeti vya vifo, na vyeti vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Cha mama yake hakikusumbua, alifia hospitali. Kaka alifia nyumbani, mimi nikiwa machimboni Chunya, na hakuna aliyekwenda kusajili. Ukimwi uliacha yatima wengi Makete, na wengi walioondoka miaka ile walizikwa bila hata kipande cha karatasi.

Ili nikasajili nilihitaji barua ya mtendaji wa kijiji, naye ni mgeni. Akaniuliza, "Mzee wangu, nitamwandikiaje barua mtu nisiyemjua, na tarehe hamna?" Alikuwa na haki. Mama alikumbuka ulikuwa msimu wa kuvuna ngano. Shangazi akasema hapana, walikuwa wanachuma pareto. Walibishana mpaka chai ikapoa. Nikaenda kaburini, msalaba wa mbao umeoza, maandishi hakuna. Zahanati nikaambiwa madaftari ya zamani yaliliwa na panya.

Usiku nikiwa kitandani ndipo akili ikafunguka. Kaka alikuwa mwimbaji wa kwaya! Na sisi Walutheri tunaandika kila kitu: ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi. Alfajiri nilikuwa mlangoni kwa mzee wa kanisa, umande haujakauka. Akafungua kabati, tukapekua madaftari yenye vumbi, yeye anapiga chafya, mimi nashikilia taa. Tukampata. Jina kamili, umri, tarehe aliyofariki, tarehe aliyozikwa, hata mchungaji aliyehubiri. Nilipomsomea mama tarehe, akasema, "Si niliwaambia ngano?" Shangazi alinuna wiki nzima.

Mtendaji akaandika barua, akagonga muhuri, nikaipeleka ofisi ya mkuu wa wilaya kule Iwawa, cheti kikatoka. Ukijumlisha nauli na ada za kuchelewa kusajili, yalikwenda kama magunia mawili ya viazi. Ndiyo maana nasema uhakiki wa vyeti usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe.

Fomu aliijaza binti mwenyewe. Kilichobaki ni kurasa zenye saini: yake, ya bibi yake kama mdhamini, ya mwenyekiti na ya hakimu, zote zirudishwe kwenye mfumo. Kijana wa steshenari akazipiga skana, faili likawa zito, mfumo ukalikataa. Akarudia, likakataa, mwisho akaanza kutulaumu sisi watu wa milimani. Tukachukua karatasi zetu tukaondoka. Nyumbani nikamwambia binti aziweke mlangoni kwenye mwanga, azipige picha, anitumie WhatsApp, nami nimrudishie. WhatsApp huziminya picha yenyewe, hailipwi! Akazigeuza PDF, na saa kumi alfajiri, waombaji wa nchi nzima wakiwa wamelala, zikaingia zote. Ujanja huo sikufundishwa na mtu.

Mkopo ulitoka. Si wote, ada iliyopungua tunaijazia kwa viazi, na bumu, ile pesa ya kujikimu, likichelewa tunatuma cha kununulia unga. Yule fundi ana mtoto kidato cha sita mwaka huu, na juzi alikuja na bahasha ya vyeti kwapani. Nilimsaidia, ila kwanza nilimuuliza kama ameshampata mtu wake wa Dar.

Mama naye akataka kujua mkopo unarudishwaje. Nikamweleza kwamba binti akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi.

"Na akigoma kulipa, watamfuata nani?"

Nikamwonyesha ilipo saini yake.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada anampigia binti simu, kumuuliza anasoma au anazurura Mwanjelwa, huko Mbeya mjini.