Mjomba ametia saini, mume wangu anakuja!

Viza imetoka jamani! Nilikuwa nasoma huku nahudumia wazee zamu mbili kwa wiki hapa Columbus, na kipato changu hakikufika kinachotakiwa ili kumleta mume, yaani asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani. Ikabidi nitafute mdhamini mwenza, mtu wa kuahidi pamoja nami kumtegemeza kifedha.

Kumwomba mtu jambo hili si mchezo. Fomu ya I-864, ile ya udhamini wa kifedha, ni mkataba: mzigo ni wa mdhamini mpaka mhamiaji awe raia, au atimize kama miaka 10 ya kazi. Hata tukiachana, haufutiki. Wawili walinikwepa kistaarabu, "tutaongea wikendi" mpaka leo. Mjomba, dereva wa lori mwenye ukaazi wa kudumu, alisoma kurasa zote mezani, chai ikapoa. Akavua miwani: "Huyu kijana ni mchapakazi kweli?" Nikamwambia ndiyo, Mjomba. Akasaini.

Nilipochemka ni hapa: nilidhani fomu yake inatosha. Kumbe mimi mwombaji nilitakiwa kujaza yangu pia, hata kama mshahara ni wa mawazo. Miezi miwili ikaenda hivyo.

Sasa mume wangu yuko Mombasa anafunga mabegi, na mama mkwe amemjazia kilo 3 za viungo vya pilau.