Siku moja kwenye chumba cha uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi

Saa 1:30 asubuhi. Tunachanganya asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, ya kutumia leo tu. Ikipakwa kwenye mlango wa kizazi, seli zisizo za kawaida hugeuka nyeupe. Ikiwa nyepesi mno, weupe tunaoutafuta hautokei, na mwanamke anaambiwa yuko salama kumbe sivyo. Taa nayo inajaribiwa.

Saa 2:00. Maswali kwanza. Ukiuliza "mama, una shida ya damu?" wengi hujibu hapana. Ndiyo maana tunauliza moja moja: damu hutoka baada ya tendo la ndoa? Katikati ya hedhi na hedhi? Hedhi ilikoma, kisha damu ikaonekana tena, hata tone? Unatokwa na majimaji yenye harufu mbaya au yaliyochanganyika na damu? Maambukizi ya kawaida nayo huleta dalili hizi, lakini huwezi kuyatofautisha bila kutazama. Inauma kumpokea mama aliyepewa dawa za fangasi mara tatu na hakuna aliyemkagua.

Saa 3:00. Spekulamu, kifaa cha kupanua uke, ikishaingia, tunatazama kwanza. Kidonda au uvimbe unaotoa damu ukiguswa? Asidi haipakwi tena. Ni rufaa leo leo, akakatwe kinyama kipimwe. Wasio na dalili tunawapaka, tunasubiri dakika nzima. Weupe mzito wenye kingo zinazoonekana wazi, pale aina mbili za seli zinapokutana, ni chanya. Kwa aliyekoma hedhi eneo hilo mara nyingi limejificha ndani, kwa hiyo kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, kinamfaa zaidi.

Saa 6:00 mchana. Tibajoto, yaani kuchoma kwa joto, kwa mabadiliko ya awali ya seli ambayo bado si saratani, sekunde 20 hadi 30. Atatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa. Tendo la ndoa lisubiri wiki 4. Saratani yenyewe haitibiwi hivi: ukiichoma juu juu, unaificha.

Saa 8:00. Barua za rufaa. Mguu uliovimba upande mmoja, mkojo unaovuja, maumivu ya kiuno yasiyoisha: haya huja ugonjwa ukishasambaa, na barua za kina mama hao huandikwa kwanza.

Saa 9:30. Tarehe za kurudi. Kwa kipimo cha HPV, kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU, kuanzia 25, kila miaka 3 hadi 5. Damu ikitoka kabla ya tarehe hiyo, aje kesho yake, hata kama kipimo cha mwisho kilikuwa safi.