Ubani wa Shangazi

Babu alipofariki, mwaka 2006, nilikuwa kidato cha pili. Mwandiko wangu ulikuwa unasifiwa ukoo mzima, basi nikakalishwa chini ya turubai na daftari la ubani. Kwetu Muheza kazi hiyo ni ya mwanamume, hata awe mtoto. Wanaume wanaingia, wanatoa pole, wanachomoa noti mfuko wa shati, nami naandika jina na kiasi. Wanawake walipitia nyuma ya nyumba na mchele, kuni na nazi vichwani. Mpaka leo sijui nani aliamua kwamba nazi si ubani.

Usiku wa pili shangazi aliniita uani. Hakuwa amelala tangu mazishi. Mikono ilinuka vitunguu, macho mekundu, sijui kwa moshi au kwa kilio. Akafungua fundo la pindo la kanga kwa meno. Zikatoka noti za mia tano na za elfu moja, zimelainika kama kitambaa, hela ya machungwa aliyokuwa akiuza stendi. Tukahesabu mara mbili: elfu arobaini.

"Andika jina la mume wangu."

Nikashangaa. Mumewe alikuja kuzika tu, akaenda zake. "Shangazi, si hela yako hii? Na babu ni baba yako."

"Mwanangu, nikitoa kwa jina langu wataniuliza nimezipata wapi. Na yeye ataonekana hana kitu. Andika."

Nikaandika, ila nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Siku ya tatu, ya kuanua tanga, mzee mmoja akasoma daftari kwa sauti. Huyu elfu mbili, yule elfu tano, baba yangu thelathini. Alipofika kwenye arobaini akavua miwani. "Mkwe wetu huyu ana moyo wa kiume." Watu wakaitikia mashallah. Nyuma ya ukuta mbuzi za nazi ziliendelea kukwaruza.

Mume wa shangazi alifika wali unapakuliwa. Wakampokea mmoja mmoja, wakimshika mkono na kumshukuru. Kwanza alibabaika, akageuka kuona kama kuna mtu nyuma yake. Kisha akaweka kiganja kifuani.

"Ni wajibu, jamani. Ni wajibu."

Shangazi alikuwa anapita na sinia. Alinikata jicho kabla sijafungua mdomo, akanielekeza kwenye birika na beseni nikanawishe wageni. Nikaanza na mumewe.